Chora, Chonga, Nakshi: Uhakiki wa Istilahi za Mwanafunzi wa Kuchonga Sarafu

Makusudi ya makala haya ni kuyapima maneno matatu yanayotumika kila inapotajwa kazi ya kutia mapambo juu ya madini, yaani chora, chonga na nakshi. Maneno haya ni ya zamani, ni mazuri, na hapana asiyeyajua. Kwa sababu hiyo hasa huchukuliwa bila ya kupimwa. Mtu akitaka kusema kwamba fundi ametia ua juu ya bangili, atasema amelichora, au amelichonga, au amelinakshi, na msikilizaji ataridhika kwa lolote. Lakini mwanafunzi aliyeketi mbele ya jiliwa, sarafu imebanwa na chuma chenye makali ki mkononi mwake, hawezi kuridhika kwa lolote. Yeye hulisikia kila neno kuwa ni amri kwa mkono wake. Neno likikosea, mkono nao hukosea.

1. Sarafu iliyotuletea swali

Kazi tuliyoichagua iwe kipimo ni kuchonga mapambo juu ya sarafu, sanaa iliyostawi huko Marekani tangu mwanzo wa karne ya 20, na ambayo siku hizi hujifunzwa na watu wa nchi nyingi. Mwaka 1913 serikali ya nchi hiyo ilianza kutoa sarafu mpya ya senti tano iliyosanifiwa na mchongaji James Earle Fraser. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha Mwamerika wa asili kilichoonekana kwa ubavu, na upande wa pili nyati wa nchi hiyo. Sarafu hiyo iliendelea kutolewa hadi mwaka 1938. Kipenyo chake ni kiasi cha milimita 21, na uzito wake ni gramu 5. Kilichowavutia wachongaji ni kwamba kichwa kile kilikuwa kikubwa, kimeinuka, na kimejaza karibu uwanja wote. Basi palikuwa na madini ya kutosha kupunguzwa. Kwa kisu, kwa msumari ulionolewa au kwa tindo ndogo, nywele zikageuzwa kofia ya mviringo, kidevu kikaoteshwa ndevu, na yule nyati akawa punda, ndovu, au mtu aliyebeba mzigo mgongoni.

Hapa tayari pana somo la istilahi. Wamarekani huiita sarafu hiyo kwa jina la madini ya nikeli. Lakini nikeli iliyomo ni robo tu, na robo tatu zilizobaki ni shaba. Mwanafunzi akiliamini jina, atadhani anakata nikeli. Akiyaamini macho yake, kwa kuwa rangi ni nyeupe, atadhani anakata fedha. Ukweli ni kwamba anakata mchanganyiko ulio mgumu kuliko shaba tupu, na ndiyo maana hushauriwa aanze juu ya kipande bapa cha shaba kabla ya kuigusa sarafu. Jina la kitu, basi, laweza kupotosha hata pale linapotumiwa na kila mtu.

Miongoni mwa wachongaji wa awali wanaotajwa sana ni Bertram Wiegand na mwanafunzi wake George Washington Hughes, waliojulikana kwa majina mafupi ya Bert na Bo. Juu ya sarafu ile palikuwa na neno LIBERTY, yaani uhuru. Wiegand alipotaka kutia sahihi yake hakuongeza herufi hata moja. Alizikwangua L na I za mwanzo, akaikwangua na Y ya mwisho, likabaki BERT. Twamwomba msomaji aikumbuke sahihi hiyo, kwa kuwa tutairudia. Ni jina lililotiwa kwa kuondoa. Hatujui mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha tofauti iliyopo baina ya kuandika na kuchonga.

2. Kalamu isiyoandika

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kuwahukumu wengine kabla ya kujihukumu mwenyewe. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa jirani alitaka kujifunza sanaa hii, akaomba atafsiriwe kurasa chache za maelekezo. Kazi ikafanywa kwa haraka, mezani, bila ya kumwuliza fundi yeyote. Chombo kikuu cha mchongaji, yaani kile kijiti cha chuma cha pua chenye ncha iliyonolewa, kikaitwa kalamu ya chuma. Neno lilionekana zuri: lilikuwa jepesi, linajulikana, na lina hadhi. Kijana akasoma "shika kalamu", akaishika kama kila aliyepita shule ashikavyo kalamu, imesimama baina ya vidole vitatu. Akaivuta kuelekea kwake, ikakwaruza tu. Akaikandamiza, ikateleza, ikaingia katika kidole cha mkono wa kushoto uliokuwa umeizuia shaba. Kovu lile lipo hadi leo, na aliyelitia si kijana. Ni neno letu.

Alipopona tulikwenda pamoja kwa sonara mmoja mzee wa Unguja. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, kijana akaonyesha namna alivyofanya. Mzee akatabasamu.

"Mwanangu, nani kakufunza kuandika juu ya fedha? Fedha haiandikwi, hukatwa."

Kisha akatoa chombo chake. Kilikuwa na mpini mfupi wa mbao, mviringo kama kichwa cha uyoga, akaukalisha ndani ya kiganja. Kidole gumba kikatangulia mbele, kikaegemea ukingo wa kazi, kikawa ndicho kizuizi. Hakuvuta, alisukuma. Na alipofika penye pindo la ua, mkono wenye chuma haukuzunguka. Mkono wa kushoto ndio ulioizungusha kazi, ikaijia ncha polepole mpaka pindo likatimia.

"Hii nayo ni tindo, mwalimu," akasema, "lakini haipigwi nyundo. Nyundo yake ni kiganja."

Sentensi hizo mbili zina ufafanuzi mwingi kuliko kurasa zetu zote. Tuyapime sasa maneno yanayoweza kukitaja chombo hiki. Kalamu hushikwa kwa ncha za vidole, huvutwa, na huacha wino. Chombo hiki hukaa kiganjani, husukumwa, na huondoa madini. Kwa mambo matatu ya msingi neno kalamu linasema kinyume cha ukweli. Patasi nayo ni ya seremala, ina makali mapana, na humpeleka mwanafunzi kwenye mbao. Tindo ndilo neno lililo karibu, kwa kuwa kwa desturi ni chuma cha kukatia chuma au jiwe. Kasoro yake ni moja tu, kwamba anayelisikia huitafuta nyundo. Kasoro hiyo huondoka mara tukisema tindo ya kiganja kwa ile inayosukumwa, na tindo ya nyundo kwa ile inayogongwa.

Tofauti hii si ya mapambo. Tindo ya nyundo hupokea nguvu kutoka nyuma, na mkono wa pili huwa umekaa karibu na ncha yake. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wakusanyaji wa sarafu hizo yanasema kwamba mwaka 1957 tindo ilimteleza Hughes akiwa kazini, ikamjeruhi vibaya mkono, naye wakati huo alikuwa fundi wa miaka mingi. Wazee wetu wamesema kuwa mchonga mwiko hukimbiza mkono wake, kwa maana mwiko utamwepusha na moto. Mchonga sarafu naye yampasa aukimbize mkono wake, ila hatari yake haiko jikoni. Imo katika chombo chenyewe, na huanzia katika namna alivyoambiwa akishike.

3. Vitendo vinne, neno moja

Tutoke kwenye chombo twende kwenye kitendo. Neno chora zamani lilibeba kazi nzito kuliko sasa. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inalieleza kwa maana ya kuchonga na kutia nakshi pamoja na ile ya kuchora kwa mkono. Baadaye shule ililichukua neno hili, ikalipa karatasi na penseli, na leo mtoto yeyote akiambiwa achore hatatafuta chuma. Hatuna haja ya kulirudisha neno nyuma kwa nguvu. Mchongaji sarafu analihitaji vivyo hivyo lilivyo, kwani kabla ya kukata hana budi kuutia mchoro wake juu ya sarafu kwa penseli au kwa ncha nyembamba. Kuchora, basi, kubaki kuwa hatua ya kwanza, ambayo ikikosewa bado yaweza kufutwa.

Neno chonga maana yake ni kulipa umbo kwa kupunguza. Twachonga mwiko, mtumbwi, kinyago, hata penseli. Kwa hiyo ni sahihi kabisa kusema kwamba mtu anachonga kofia au uso juu ya sarafu, kwa sababu madini ya pembeni hupunguzwa ili umbo lisimame. Lakini mwanafunzi hukutana na jambo jingine kabla ya hilo. Anapotia unywele mmoja wa ndevu, au herufi nyembamba, hakuna umbo linalosimama. Kuna mstari uliozama tu. Kitendo hicho twapendekeza kiitwe kukata mfuo. Ndilo somo la kwanza la sanaa hii: mifuo kumi iliyonyooka na kulingana, juu ya shaba, kisha kumi mingine. Akiinua mpini kupita kiasi, ncha huzama na kukwama. Akiulaza kupita kiasi, ncha hupanda juu na kuteleza. Katikati ya makosa hayo mawili mna pembe ndogo ambayo mkono huijua kabla ya akili. Dalili yake ni maranda. Seremala huyaita hivyo yale yanayotoka chini ya randa, na hapana sababu ya kumnyima mchongaji neno hilo. Maranda ya shaba yakitoka kama uzi mmoja uliojikunja, mfuo ni mwema. Yakikatika katika, ama mkono umesita, ama makali yamekufa na noo linangoja.

Kitendo cha tatu tumekipata mbali na Marekani. Katika karne ya 18 na ya 19 wafungwa wa Uingereza waliohukumiwa kupelekwa Australia walikuwa wakichukua peni za shaba, hasa zile kubwa zilizopigwa mwaka 1797, wakaisugua sura ya Mfalme George wa Tatu mpaka ikatoweka, kisha juu ya uwanja ule mtupu wakatia majina yao, tarehe, na maneno ya kuwaaga wapenzi na wazazi. Jumba la Makumbusho la Taifa la Australia lina zaidi ya sarafu 300 za namna hiyo. Nyingine zimekatwa mifuo; nyingine herufi zake ni nukta nyingi zilizopangwa, kila nukta ni pigo moja la ncha kali. Sasa, nukta haiondoi madini; huyabonyeza. Kuiita kuchonga ni kosa, na kuiita kukata mfuo ni kosa vilevile. Kiswahili kina neno tayari, ambalo kila aliyefuga kuku amelitumia: kudona. Fundi adonaye hufanya kama kuku kwenye punje, pigo moja, mahali pamoja, kisha huinua.

Kitendo cha nne ni kukwangua, yaani kuondoa uso wa madini ili kilichokuwapo kisiwepo. Wafungwa wale waliikwangua sura ya mfalme ili wapate pa kuandika. Wiegand alizikwangua herufi tatu ili lake libaki. Ni kitendo kinachodharauliwa katika maelekezo mengi kana kwamba ni usafi tu wa kabla ya kazi. Sahihi ya Bert inatufundisha kwamba kukwangua kwaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Faida ya kuvitenga vitendo hivi huonekana zaidi pale mwanafunzi anapokosea. Mchoro uliokosewa hufutwa. Mfuo uliokosewa hukwanguliwa, ikiwa haukuzama sana. Nukta iliyodonwa pabaya hufukiwa kwa taabu, kwani madini yake yamesukumwa chini na pembeni. Umbo lililochongwa kupita kiasi halirudi. Mwalimu anayeviita vyote kuchonga hawezi kumweleza mwanafunzi kosa lake ni la aina gani, na wala kama lina dawa.

4. Nakshi na njumu

Tumeliacha nakshi mpaka hapa kwa heshima yake. Milango ya Lamu na Unguja ina nakshi. Kuta za chokaa za nyumba za kale za Lamu zina nakshi. Bangili ina nakshi. Mlango umekatwa kwa patasi, chokaa imekatwa kingali ni laini kuliko jiwe, na bangili imekatwa au kufuliwa na sonara. Vitendo vimetofautiana, na neno limebaki lile lile. Ni dhahiri kwamba nakshi ni jina la matokeo, wala si la kitendo. Kumwambia mwanafunzi "nakshi sarafu hii" ni sawa na kumwambia mpishi mgeni "pika kitamu". Amri imetolewa, lakini hakuna alichofundishwa. Twapendekeza nakshi ibaki kuwa nomino ya pambo lililokamilika, na kwamba kitenzi chake kisitumiwe katika maelekezo ya hatua kwa hatua.

Upande mwingine wa kosa ni kubuni neno pale ambapo lipo. Wachongaji sarafu wa siku hizi hupenda kutoboa kishimo katika sarafu na kukijaza dhahabu au shaba nyekundu, ili jicho la sura liwake. Tumeona watu wakisema kupachika dhahabu. Neno hilo halina kosa, lakini pwani ilikuwa na lake: njumu. Kazi ya njumu ni kutia madini ndani ya kitu kingine hata yakawa pambo lake, na neno hilo lilitumika kwa vyombo na silaha za fahari. Kutia njumu, basi, ni istilahi kamili, yenye historia, isiyohitaji kikao cha kuiunda.

5. Jina la mtu

Hatuwezi kumaliza bila ya kumtaja mchongaji mwenyewe. Nchini Marekani sarafu hizi zilipewa jina la watu waliokuwa wakisafiri juu ya magari ya moshi ya mizigo kutoka mji hadi mji wakitafuta kazi za muda, hasa katika miaka ya shida ya 1930. Nao walizitoa ili wapate mlo au pa kulala. Tafsiri inayokuja upesi ulimini ni mzururaji. Tafsiri hiyo ni ya dhuluma. Kwetu mzururaji ni mtu asiye na kazi wala nia ya kazi, na wanaokumbuka msako wa Nguvu Kazi wa mwaka 1983 katika Tanzania wanajua uzito wa neno hilo mbele ya polisi. Watu wale waliitafuta kazi, wala hawakuikimbia. Kiswahili kina neno kibarua, lililotokana na barua, yaani kile cheti kidogo alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Kibarua msafiri ndilo jina la haki, na sarafu yake ni sarafu ya kibarua.

Hali kadhalika yafaa kuitenga kazi hii na kughushi. Anayeghushi hutaka sarafu ipokewe kwa thamani isiyo yake. Mchongaji hutaka ipokewe kama pambo. Sheria ya Marekani hukataza kuibadili sarafu kwa nia ya kudanganya, na nia ndiyo inayopimwa. Kwa kuwa sheria za nchi hazilingani, mwanafunzi wa kwetu yampasa aijue kwanza sheria ya sarafu ya nchi yake, na wakati huo shaba bapa itamfundisha yote anayohitaji.

6. Hoja na mapendekezo

Pengine msomaji atasema kwamba tunaongeza maneno pasipo haja, kwani watu huelewana hata bila ya hayo. Ni kweli, huelewana wale ambao tayari wanajua kazi. Sonara yule hakuhitaji istilahi yoyote, kwa kuwa mwanafunzi wake humwona. Anayehitaji istilahi ni yule anayejifunza kwa kitabu, hana mzee pembeni yake, na mkono wake wa kushoto umekaa mbele ya ncha. Isitoshe, jina hudumu kuliko kitu. Wajerumani waliingiza sarafu ya hela katika Afrika ya Mashariki mwaka 1904. Sarafu hiyo ilitoweka pamoja na utawala wao, na neno hela lingali vinywani mwetu. Tukikosea leo, kosa letu laweza kuishi muda kama huo.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo yafuatayo yajadiliwe:

Tindo ya kiganja: chuma cha pua chenye ncha kali na mpini wa kukaa kiganjani, husukumwa.
Tindo ya nyundo: chuma cha kukatia madini kinachogongwa.
Kuchora: kutia alama ya pambo kabla ya kukata.
Kukata mfuo: kutia mstari uliozama kwa kuondoa madini.
Kuchonga: kulipa umbo kwa kupunguza madini ya pembeni.
Kudona: kutia nukta kwa kubonyeza, bila ya kuondoa madini.
Kukwangua: kuondoa uso wa madini au kilichokuwa juu yake.
Maranda: madini yanayotoka mbele ya ncha inapokata.
Kutia njumu: kujaza madini mengine ndani ya kishimo yawe pambo.
Nakshi: pambo lililokamilika, kwa njia yoyote lililotiwa.

Hakuna hata moja kati ya maneno haya lililobuniwa. Yote yamo katika karakana, jikoni na uani. Tulilofanya ni kuyapa mipaka. Masonara, wachongaji milango na wafua shaba wa Mombasa, Lamu, Unguja na kwingineko wanayo mengine ambayo hayajaandikwa popote, nao wenye kuyajua wanazidi kupungua. Twawaomba walimu na wasomaji watakaopita mbele ya karakana hizo waingie, wasalimie, wakae, na kabla ya kuuliza chombo kinaitwaje waombe kwanza waonyeshwe kinavyoshikwa. Watakayoyapata wayalete, nasi tuko tayari kuyafuta haya yetu pale yatakapoonekana kuwa yamekosea.